Hodi ya mashine: Historia ya neno la siri hadi Ndithini

Siku ya soko pale Ndithini, eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos, foleni kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu huanza mapema. Siku moja nilisimama nyuma ya susu mmoja aliyekuwa amebeba kiondo. Alipofika dirishani alimpa kijana wa kibanda simu yake, kisha akataja tarakimu nne kwa sauti ambayo hata muuza maembe ng'ambo ya barabara aliisikia.

"Susu, usitaje hiyo," kijana alimwambia kwa upole. "Hiyo ni siri yako."

Susu akamtazama kwa mshangao. "Sasa nikikuficha wewe, simu itajuaje ni mimi? Si yenyewe inauliza Kizungu!"

Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini maneno yake yalinifuata hadi nyumbani, kwa sababu yamebeba maswali mawili ambayo wahandisi wa kompyuta wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 60. La kwanza: mashine inapotaka kujua wewe ni nani, imwulize nani? La pili: imwulize kwa lugha gani? Makala haya yanafuatilia historia ya maswali hayo. Tutaona kwamba la kwanza limepata jibu zuri. La pili lilijibiwa kwenye karatasi, kisha likasahauliwa dirishani.

Tuanze na jambo ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua. Ukifika kwenye nyumba ya mtu, husukumi mlango. Unabisha hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Ukijibu "Ni mimi," bado hujasema kitu, kila mtu ni "mimi". Unataja jina, na sauti yako inathibitisha jina hilo. Hodi ni mazungumzo: kuna anayeuliza, kuna anayejibu, na jibu hutolewa papo hapo na mwenyewe. Kijijini sauti ilitosha. Shida huanza pale anayelinda mlango hamjui anayekuja.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa cha Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walilinda vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno "Shibolethi". Waefraimu walishindwa kuitamka "sh", wakasema "Sibolethi", na hapo wakajulikana. Neno lenyewe halikuwa siri hata kidogo. Kilichomtambulisha mtu ni namna alivyolitamka mbele ya aliyemwuliza, na hakuweza kumtuma mwingine akamtamkie.

Majeshi yaliuendeleza utaratibu huo kwa njia nyingine. Mwandishi wa kale Polybius anaeleza jinsi jeshi la Roma lilivyokuwa likiandika neno la usiku kwenye kibao kidogo cha mbao, kikapitishwa kutoka kikosi hadi kikosi, kisha kikarudishwa kwa mkuu kabla ya giza kuingia. Kibao kisiporudi, msako ulianza mara moja kujua kimekwama wapi. Kwa nini wahangaike hivyo na kipande cha ubao? Kwa sababu neno likishaandikwa, yeyote atakayekiokota kibao anaweza kulisema. Huku kwetu, wazee wa Ukambani waliotumikia KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na kusajili Wakamba wengi, waliujua mlango wa aina hiyo: askari wa zamu huita, anayekuja husimama na kujitambulisha, na asiyejua la kujibu hapiti.

Neno la siri liliingia kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo mashine moja ilitumiwa na mtu mmoja kwa wakati, kama kinu cha kijiji. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uitwao CTSS, ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kituo chake. Basi ikabidi kazi ya huyu itenganishwe na kazi ya yule. Jibu la Corbató lilikuwa rahisi: kila mtu apewe neno lake la siri, na mashine imwulize kila anapoingia.

Haikuchukua muda. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa hapo hapo, Allan Scherr, aliona saa za kompyuta alizotengewa kwa wiki hazimtoshi. Aligundua kwamba maneno ya siri yote yamehifadhiwa katika faili moja, akaiomba mashine ichapishe faili hiyo, nayo ikachapisha. Alikuja kuyasimulia haya mwenyewe miaka mingi baadaye. Mwaka 1966 ikatokea hitilafu iliyochanganya faili mbili, na kila aliyeingia kwenye mfumo akasalimiwa na orodha ya maneno ya siri ya watu wote. Kibao cha Waroma kilikuwa kimerudi, safari hii kwenye karatasi ya kompyuta.

Waliotengeneza mfumo wa Unix katika maabara za Bell walijifunza kutokana na visa vya namna hiyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha makala iliyoeleza kwa nini mashine haifai kulihifadhi neno lenyewe. Ihifadhi alama tu, iliyopatikana kwa kulisaga neno hilo kwa hesabu isiyorudi nyuma, kama unga usivyoweza kurudi kuwa punje. Ukiandika neno lako, mashine hulisaga tena na kulinganisha unga na unga. Na wakati unapoandika, skrini hunyamaza. Herufi hazionekani, ili aliye nyuma ya bega lako asisome. Tayari hapa kuna adabu ya kuuliza: anayeuliza hujifanya kama hakusikia, na hakumbuki ulichosema.

Kisha mashine zikaunganishwa kwa mitandao, na mlango ukawa mbali na nyumba. Mtu aliye Nairobi anaweza kubisha hodi kwenye kompyuta iliyo Ulaya. Njia za zamani, kama Telnet, zilisafirisha neno la siri likiwa uchi, na mwenye kusikiliza njiani aliliokota. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, mtandao wa chuo ulivamiwa kwa ujanja huo huo wa kunasa maneno ya siri. Mtafiti Tatu Ylönen akaandika programu iitwayo SSH, ambayo hufunika mazungumzo yote kwa msimbo kabla ya neno la siri kutajwa. Leo karibu kila mhandisi anayesimamia seva huitumia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tatizo linalofanana sana na la susu. Wahandisi hawapendi kurudia kazi kwa mikono. Huandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta itazitekeleza yenyewe. Tuseme kuna skripti ambayo kila saa nane usiku inaingia kwenye seva ya mbali na kunakili hesabu za siku. Ili izungumze SSH, hutumia maktaba ya programu ambayo aghalabu imeandikwa kwa lugha ya C, na kati ya maktaba hiyo na lugha za skripti kama Perl, Python au PHP hujengwa daraja. Njia moja rahisi ya kujitambulisha kwenye madaraja hayo ilikuwa hii: nipe jina, nipe neno la siri, nipeleke. Kwa hiyo neno la siri likaandikwa ndani ya skripti. Skripti ikanakiliwa kwa mwenzako, mwenzako akaiweka kwenye kompyuta yake, naye akampa mwingine. Kumbe tumerudi kwenye faili ya mwaka 1962!

Isitoshe, seva zilianza kuuliza zaidi ya swali moja. Ya kwanza inauliza neno la siri, kisha nambari inayobadilika kila dakika kwenye kifaa kidogo cha mfukoni, kisha labda inakwambia neno lako limezeeka, tafadhali chagua jipya. Skripti iliyobeba jibu moja mfukoni haiwezi kuyasikia maswali hayo. Ni kama kumtuma mtoto na barua moja kwenye nyumba ambayo mwenyewe atataka kuuliza hili na lile. Mtoto atasimama mlangoni, akodoe macho.

Dawa ilichapishwa Januari 2006 katika waraka wa viwango unaoitwa RFC 4256. Chini ya utaratibu huo, seva hutuma ulizo moja au zaidi, na programu iliyo upande wa mtumiaji huyaonyesha kama yalivyo na kurudisha majibu. Kila ulizo lina alama inayosema jibu lionekane kwenye skrini au lifichwe. Ndani ya lugha za skripti, maana yake ni kwamba maktaba haiombi tena neno la siri mapema. Inapofika mlangoni na kuulizwa, humgeukia aliyeituma: "Wanauliza hivi. Uwajibu nini?" Kama kuna mtu kwenye kibodi, anajibu mwenyewe papo hapo, na skripti haibaki na chochote cha kuiba. Waliojenga madaraja wakawa na kazi ya kuongeza uwezo huo, lugha moja baada ya nyingine. Ni kazi ndogo ambayo haikuandikwa magazetini, lakini ilirudisha jibu kinywani mwa mwenyewe.

Hebu msomaji atazame jambo moja zaidi katika waraka huo, kwani linatuhusu sisi watu wa lugha. Ulizo linalotumwa na seva liliwekewa nafasi ya alama ya lugha. Waraka wenyewe unasema nafasi hiyo haifai kutumiwa tena, lakini unatoa sababu: seva inapaswa kuchagua lugha kulingana na lugha ambazo pande mbili zilitajiana mwanzoni mwa mazungumzo. Yaani wahandisi hawa, walioandika kwa ajili ya wahandisi wenzao, waliona ni haki ya anayeulizwa kuulizwa kwa lugha yake.

Turudi Afrika Mashariki. PIN ya tarakimu nne ilizaliwa mbali na hapa. Mashine ya kutoa pesa ya benki ya Barclays ilifunguliwa Enfield, London, mwezi Juni 1967. John Shepherd-Barron, aliyeibuni, alisimulia kwamba alipanga tarakimu sita, lakini mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne. Ukubwa wa siri ulipimwa kwa kumbukumbu ya mtu wa kawaida aliyeketi mezani jikoni, na hilo ni jambo la kuwasifu nalo.

Hapa Kenya tarakimu nne zilipata umaarufu kupitia simu. Majaribio ya M-PESA yalianza mwaka 2005, na mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa ilikuwa Thika, pamoja na Mathare na katikati ya jiji la Nairobi. Nia ya kwanza ilikuwa kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Huduma ikazinduliwa kwa umma Machi 2007. Watu wengi ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki wala kadi yake walipata siri yao ya kwanza ya kuulizwa na mashine. Mtu wa Ndithini ambaye maisha yake yote alitambuliwa kwa sauti, kwa ukoo na kwa mwendo wake, sasa akatakiwa atambuliwe kwa tarakimu.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungulia waandishi wa programu njia ya kuunganisha mifumo yao na M-PESA, ikaipa jina la Kiswahili: Daraja. Tazama inavyofanya kazi. Duka la mtandaoni linataka ulipe shilingi 500. Skripti ya duka, labda ya PHP au Python, hutuma nambari yako ya simu na kiasi hicho kwa Daraja. Simu yako iliyo mkononi mwako huwaka na kukuuliza PIN. Unaiandika hapo. Duka huambiwa tu kwamba malipo yamekubaliwa au yamekataliwa. PIN yako halijawahi kuiona. Ndiyo kanuni ile ile ya mwaka 2006: swali lisimwendee mjumbe, limwendee mwenyewe. Kijana anayejifunza kuandika programu kule Masinga anatumia njia safi kuliko waliyokuwa nayo wataalamu wa MIT.

Kwa hiyo swali la kwanza la susu lina jibu. Simu itajua ni yeye kwa sababu inamwuliza yeye, mkononi mwake. Kijana wa kibanda hana haja ya kusikia chochote.

Lakini swali la pili? "Inauliza Kizungu." Njia nzima ya miaka 60 inakatika hapo. Mtu asiyesoma swali humpa mkalimani simu, na mkalimani akishakuwa na simu na jibu, yeye ndiye mwenye akaunti. Ulinzi wote, kuanzia hesabu za Morris na Thompson hadi msimbo wa Ylönen, unaangushwa na sentensi moja ambayo mwenyewe hakuielewa.

Mtu ataniambia, "Lakini menyu ya Kiswahili ipo." Ni kweli, ipo, na mtu anaweza kubadilisha lugha katika sehemu ya akaunti yake. Hata hivyo, kuwepo kwa menyu ni jambo moja na maneno yaliyomo ni jambo jingine. Tuna istilahi tatu au nne zinazoshindana. Nywila imeshika mizizi katika mifumo mingi ya Tanzania. Nenosiri hukutana nalo mtu kwenye programu za simu. Neno la siri hutumiwa magazetini, nambari ya siri husemwa na wengi, na PIN imekaa kana kwamba ni neno letu. Wanaisimu hubishana kuhusu ipi ni sanifu zaidi, na mimi nimewahi kushiriki ubishi huo kwa hamasa.

Siku hizi nina kipimo kingine. Istilahi ya mlangoni inapaswa kumwonya mwenye mlango. Neno PIN halimwambii susu kitu. Ni sauti tu. Nywila ni neno zuri, fupi, linalokubali viambishi bila taabu, lakini asiyefundishwa maana yake halimwonyi. "Nambari ya siri" hubeba sheria yake ndani yake. Siri, neno tulilopata kutoka Kiarabu na kulifanya letu kabisa, linajulikana na mtoto wa miaka mitano. Hata methali inatukumbusha kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ukimwambia mtu "weka siri yako," huhitaji semina ya kumweleza asiitaje. Kijana wa kibanda hakusema "hiyo ni PIN yako" wala "hiyo ni nywila yako". Bila kamati wala kamusi, alisema, "Hiyo ni siri yako."

Ipo hoja kwamba skrini za simu ndogo hazina nafasi ya maneno marefu, na PIN ina herufi tatu tu. Basi tuandike "siri". Herufi nne, moja kwa kila tarakimu.

Ipo pia hoja ya uaminifu, na hiyo siidharau. Susu humpa mjukuu siri yake kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi. Macho yamechoka, mjukuu ana macho. Nani atamlaumu? Lakini kumchagua mjukuu ni tofauti na kulazimika kumwambia yeyote aliye dirishani. Anayeelewa swali anaweza kuchagua nani amsaidie. Asiyeelewa hana la kuchagua, bana. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakataza kufichua neno la siri bila idhini. Idhini, nayo, inahitaji mtu aelewe alichoulizwa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inataja Kiswahili kama lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi si hisani mtu kuulizwa kwa Kiswahili mlangoni mwa pesa zake mwenyewe.

Siku ile, kijana wa kibanda alifanya jambo ambalo huenda hajui lina historia ndefu. Alirudisha simu dirishani, akamwonyesha susu pa kubonyeza hadi lugha ikabadilika. Kisha akamsaidia kuchagua tarakimu mpya, yeye mwenyewe akiwa ameugeuza uso kuelekea rafu ya sukari. Susu alibonyeza polepole, kidole kimoja, midomo ikihesabu bila sauti.

Foleni ilikuwa imerefuka, na mtu mmoja nyuma yangu akaanza kunung'unika. Susu hakumjali. Alifunga simu, akaitia kiondoni, akasema, "Sasa hiyo mpya hata wewe huijui."

"Siijui, susu," kijana akajibu, na kuendelea kuhesabu noti zake.